Mkonge Nilioung'oa Mara Mbili

Nilianza kujenga levo za michezo ya kompyuta nikiwa na miaka sitini na tisa, umri ambao wenzangu hapa Mbooni hujenga makaburi ya wazazi wao kwa saruji. Binti yangu, ambaye ni mwalimu Kitui, alikuwa ameniachia kompyuta yake kuukuu ili nisome habari. Habari zilinichosha kwa siku mbili. Siku ya tatu nikakuta humo mchezo ambao alisahau kuufuta. Kijitu chenye miguu mifupi kinakimbia, kinaruka mashimo, kinaokota matunda, na kikifika mwisho wa safari kinapigiwa tarumbeta. Kila safari ya namna hiyo ndiyo huitwa levo.

Kucheza sikukuweza vizuri, maana vidole vyangu vimezoea jembe. Lakini pembeni palikuwa na karakana, mahali ambapo mchezaji anapewa udongo, mawe, miti na maji ili ajijengee levo yake mwenyewe. Hapo ndipo niliponaswa. Kwa miaka mingi nilikuwa msaidizi wa afisa wa kilimo. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba ya kupimia miteremko na kuwaonyesha watu mahali pa kuchimba terasi, zile ngazi za udongo zinazozuia mvua isibebe shamba. Sasa nimepewa mlima usiovunja jembe, na mvua isiyonyesha mpaka niiruhusu.

Levo yangu ya kwanza ilikuwa Kikima siku ya soko. Niliweka mbuzi wengi mno, na mpaka leo hakuna kijitu kilichowahi kutoka humo. Ya pili ilikuwa ofisi ya kuchukua stakabadhi: kijitu kinapanga foleni, na kikikaribia dirisha, dirisha linafungwa. Mke wangu alisema hiyo ndiyo ya kweli kuliko zote, akaenda kuwapa kuku maji.

Ya tatu ilikuwa shamba la baba yangu, na hiyo ndiyo iliyonifikisha mbele ya wazee wa ukoo.

Shamba lenyewe lina terasi kumi na mbili, kutoka mtoni hadi juu kwenye barabara. Baba aliligawa sehemu mbili: sita za chini zangu, sita za juu za mdogo wangu. Siku ya kugawa, mdogo wangu alikuwa kazini Mombasa. Baba alitembea mbele akihesabu hatua, nami nikamfuata nikipanda mkonge wa mpaka. Mwaka uliofuata akafariki, na mama alikuwa ametangulia. Aliyejua mkonge ulipandwa wapi nikabaki mimi peke yangu.

Terasi ya saba, ya kwanza upande wa mdogo wangu, ndiyo pana kuliko zote, na ina jiwe kubwa jeupe katikati. Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, niling'oa mkonge uliokuwa chini ya jiwe nikaupanda juu ya jiwe. Nilimaliza kabla ya sadaka ya pili. Mdogo wangu aliporudi kutoka Mombasa na nywele nyeupe, nilimwonyesha mpaka kwa mkono wangu huu, naye akanishukuru kwa kumtunzia.

Sasa, unaweza kudhani kwamba mtu wa aina hiyo akijenga shamba hilo kwenye kompyuta atakuwa mwangalifu. Sikuwa. Nilikuwa na furaha ya fundi. Nilijenga nikiwa nimefumba macho nusu, nikihesabu hatua za baba, na kila mahali alipokohoa siku ile ya kugawa nikapanda mche. Nilipomaliza, nikamwita mdogo wangu aje aone. Ndiye peke yake kati ya watu wa rika letu aliyeupenda mchezo ule. Alikuja kila alasiri, akakaa kwenye kiti changu, akaruka terasi za baba akicheka kama mtu aliyeletewa uji wa utotoni. Mbali na mimi, yeye ndiye mtu wa mwisho aliyebaki duniani wa tumbo la mama yetu.

Siku ya nne kijitu chake kilisimama.

"Mwana wa mama," akasema, "hapa mkonge uko chini ya jiwe. Kule nje uko juu ya jiwe. Ni upi uliokosea?"

Nilimwambia kompyuta imekosea. Nikaahidi kurekebisha. Alipoondoka nikaushika mkonge kwa kipanya, mche baada ya mche, nikaupandisha juu ya jiwe. Mpaka hapo mkonge ule nilikuwa nimeung'oa mara mbili maishani mwangu, mara ya kwanza kwa jembe na mara ya pili kwa kidole, na mara ya pili ndiyo iliyonitoa jasho.

Kesho yake akacheza akafika pale pale. Akakirusha kijitu juu ya mkonge, kisha akakirudisha.

"Kumbe huwa unang'oka kirahisi hivi," akasema. Akaniaga kwa heshima na kwenda kwa wazee.

Wazee watano walikuja, mwenyekiti wao akitokea Matinyani na mmoja akitokea Mutomo, kwenye nchi kavu na tambarare. Kwa desturi yetu, mpaka hauamuliwi kwa kusimuliwa. Kila mzee lazima autembee kwa miguu yake. Asubuhi wakatembea shamba la nje. Halafu mwenyekiti akasema kwamba kwa kuwa lalamiko limetoka shamba la ndani ya kompyuta, hilo nalo litembewe, na kila mzee alitembee mwenyewe.

Jua lilikuwa kali, skrini haikuonekana. Tukachukua blanketi, tukamfunika kila mzee pamoja na kompyuta kwa zamu, na kesi ikawa inasikilizwa kutoka ndani ya blanketi.

"Nimeanguka," ikasema sauti ya mzee wa Mutomo.

"Umeanguka wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Sijui. Naona nimerudi mtoni."

Ilinibidi nieleze kwamba amekufa na kufufuka. Palizuka mjadala mrefu kuhusu iwapo mzee aliyekufa anaweza kuendelea kuamua mpaka. Mmoja alisema haiwezekani, hata bungeni haiwezekani. Mwingine akajibu kwamba ukitaka ukweli, waliokufa ndio wanaoijua mipaka vizuri kuliko sisi. Wakakubaliana kwamba mtu akifa mara tatu aketi pembeni. Mzee wa Mutomo alikuwa ameshakufa mara nne, akakataa kutoka kwenye blanketi. Alidai kwamba kwao hakuna miteremko na kwamba korongo langu lilikuwa na nia mbaya.

Betri ikazimika. Kesi ikaahirishwa ili sola iijaze, tukala muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Mdogo wangu alikula upande wa pili wa uwanja, mgongo akiwa ameuelekeza kwangu. Mke wangu alimpelekea maji ya kunawa, akarudi akaniuliza nimemfanya nini ndugu yangu. Nikajibu ni mambo ya kompyuta.

Tuliporudi, mwenyekiti akauliza kama kuna njia ya kuliona shamba kabla sijalirekebisha. Nikakiri kwamba mchezo huhifadhi nakala za zamani. Wazee wakaguna kwa wivu. Mmoja alisema laiti ardhi ya Mungu ingekuwa na nakala, ukoo wetu ungekuwa na amani, nao mawakili wangelima. Nikafungua nakala. Wakaona mkonge chini ya jiwe, kisha juu ya jiwe, kisha chini tena, mmoja baada ya mwingine wakiingia na kutoka kwenye blanketi.

Hapo nilijua nimeisha. Kumbe la. Mzee mmoja, Mkristo aliyenyooka, alisema kitu kinachoweza kubadilishwa kwa kidole hakiwezi kuwa shahidi. Kama leo mkonge unaweza kuwekwa chini, kesho mtu ataweka ndovu. Ni mchezo, na wao wameacha mifugo yao kuja kuruka mashimo. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nilikuwa nimeshinda. Nilisikia mabega yangu yakishuka, na nikakichukia kifua changu kwa namna kilivyovuta pumzi.

Mdogo wangu akasimama, akavua kofia.

"Basi, wazee, mnisamehe kwa kuwasumbua," akasema. "Na wewe, mwana wa mama, nisamehe. Nilikuwaza vibaya kwa sababu ya mchezo."

Kama angenitukana ningenyamaza mpaka kaburini. Ninajijua.

"Kompyuta haikukosea," nikasema. "Mkonge tuliupanda na baba chini ya jiwe. Mimi ndiye niliyeung'oa, wewe ukiwa Mombasa."

Kuku walipita katikati yetu. Halafu blanketi likainuka, na mzee wa Mutomo, ambaye alikuwa amerudi humo kuruka na hakuwa amesikia lolote, akatangaza kwamba amefika barabarani akiwa hai. Tarumbeta ikalia.

Waliamua upesi baada ya hapo. Nikatoa mbuzi wa faini. Waliagiza nirudishe kwanza mkonge wa ndani, kwa kuwa huo ni rahisi, wakiwa wanatazama. Nikarudisha. Kisha ukafuata ule wa nje, kwa jembe, na hapo hakukuwa na karakana ya kunisaidia. Mkonge wa miaka mingi una mizizi inayoshika udongo kwa meno. Niliung'oa na kuurudisha chini ya jiwe kwa siku tatu, mwenyewe, mdogo wangu akiwa amekaa juu ya lile jiwe jeupe, jiwe lake, bila kunisaidia na bila kuondoka. Mzee wa Mutomo, kabla ya kwenda zake, aliniomba nimjengee levo ya kwao. Nikamwambia kwao hakuna cha kuruka. Akasema niweke mbuzi.

Wiki tano mdogo wangu hakuja. Alasiri nilikuwa naketi mbele ya kompyuta nikipaka rangi majani ambayo tayari yalikuwa na rangi. Sikumlaumu. Nilimwibia terasi moja, lakini pia nilimwibia miaka yote ambayo angeweza kunikasirikia akiwa bado na nguvu.

Wiki ya sita akaja. Hakunisalimu. Aliketi kwenye kiti, akakipandisha kijitu terasi moja moja mpaka juu kabisa, mbele ya nyumba yake. Akakigongesha ukutani mara kadhaa.

"Nyumba yangu haina mlango," akasema.

Nikamweleza kwamba ni tofali zilizojaa tu. Ndani sikujenga, kwa sababu sipajui.

"Mlima mzima umeujenga. Mbuzi wa Kikima umewajenga. Nyumba ya ndugu yako huijui ndani?"

Ilikuwa kweli. Tangu aijenge sikuwahi kupita kizingiti chake. Kila nilipoalikwa nilisalimia uani, nikasema nina haraka, watu wakanisifu kwamba ni mtu wa kazi.

"Sikuweza kukaa kwako nikiwa na terasi yako," nikamwambia. "Ningekalia nini?"

Alikitazama kijitu, ambacho kilikuwa kimesimama kikipepesa macho kama kinavyofanya kisipoguswa.

"Chukua futi yako ya kupimia," akasema.

Tukapanda pamoja, polepole, tukipumzika mahali pawili kwa sababu ya magoti. Mlango wake ni wa mbao, unafungukia ndani, na fremu imeinama kidogo upande wa bawaba. Nilikuwa nimeshaanza kuupima upana aliponinyang'anya futi na kuniambia niingie kwanza, chai inapoa.