Sketi Thelathini na Moja

Mimi nina hasira za karibu, nisiwadanganye. Hasira hizo zilimfutisha mtu kazi, na mtu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kushona.

Tulikuwa mafundi tisa kwenye chumba cha ghorofa ya tatu, katikati ya tao, mjini kabisa, tukishona sketi za marinda za wanafunzi. Kulia kwangu aliketi mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Magharibi, aliyeishi Kangemi. Sote tulimwita anti. Macho yake yalikuwa yameanza kumchezea. Kutia uzi kwenye sindano kulimtoa jasho, lakini vidole vyake vilijua marinda kuliko macho ya yeyote kati yetu. Basi tulikuwa na mpango wetu. Yeye alifika mapema, akanikunjia marinda, akayapiga pasi na kuyabana kwa pini. Mimi nilimtilia uzi na kumshonea zipu. Mdosi, mwenye karakana, hakujua, na hatukuona haja ya kumwambia.

Jumatatu moja mdosi alishuka kutoka kwake Kilimani akiwa mpole mno. Alituuliza hali za watoto. Ai! Mdosi akiulizia watoto, jua kuna jambo. "Kesho kuna mtu atakuja kuangalia vile tunafanya kazi," akasema. "Msiogope. Fanyeni tu kama kawaida."

Saa ya chai anti alimaliza mandazi yake kwanza, kisha akasema, "Kesho mtu asikimbie. Ukipimwa ukikimbia, watasema hivyo ndivyo unatembeanga." Wote tulikubali. Mimi nilikubali kwa sauti kuliko wote.

Mwanaume aliyekuja hakutusalimia, hata niaje. Alivuta kiti akaketi nyuma yetu, mahali ambapo huwezi kumwona bila kugeuza shingo, simu yake mkononi. Mtu alizima redio bila kuambiwa. Tulishona polepole, kama tulivyopatana, na kila nilipomaliza sketi nilisikia kidole chake kikigonga kioo cha simu. Karibu saa nne alikuja akasimama mgongoni kwangu. Akasonya.

"Wewe umechoka, ama ni uvivu?"

Uvivu! Mimi ninayetoka mtaa wa Satellite kwa miguu kabla jua halijachomoza! Damu ilinipanda. Nilikanyaga cherehani kama mtu anayefukuzwa. Anti alikohoa. Akakohoa tena. Nilimsikia vizuri sana na sikuacha. Jioni nilikuwa na sketi thelathini na moja, na haki ya nani, nilijiona mtu.

Ijumaa karatasi ilibandikwa mlangoni: kila fundi, sketi thelathini na moja kwa siku. Atakayeshindwa kwa wiki mbili, aende nyumbani. Wenzangu waliisoma, wakanitazama, wakarudi kuketi. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Wengine walifikisha kwa kushona hadi usiku; siku yake nzuri kabisa, anti alitoa kumi na sita. Na wiki hizo mbili zote bado alikuja mapema kunikunjia marinda. Nilimwambia aache, ashone zake. Akakataa. "Zangu hazitafika hata nikilala hapa," akasema. "Angalau mmoja wetu abaki." Nilitaka kulia, lakini sketi zilikuwa zinaningoja.

Siku ya mwisho mdosi alikuja hadi mezani kwake. Anti alimnyoshea sketi. "Hebu vuta uone. Haya marinda hayafumuki. Wazazi huulizia zangu."

Mdosi akacheka, tena bila ubaya. "Anti, sketi yako inakaa miaka mitatu. Sasa huyo mzazi atarudi kununua lini?" Kisha akanielekezea kidole. "Mimi naangalia ni ngapi zinatoka hapa kwa siku. Si huyu mwenzako alitoa thelathini na moja?"

Chumba kizima kilinigeukia. Neno la kusema lilikuwa moja tu: zile sketi zilikuwa za watu wawili. Ulimi wangu, huu unaojibu makondakta na askari wa kanjo, ulilala. Niliogopa. Niliona mdosi akinihesabia nusu yangu, nami nafuata mlango uleule. Nikainamia zipu.

Anti alikunja tepu yake, akachukua mkasi wake. "Haya, msichana wangu," akaniambia. "Jitunze." Ngazi zote tatu nilimsikia akishuka, taratibu, kwa ajili ya macho.

Jumatatu nilikuta vitambaa mezani vikiwa bapa, havijakunjwa. Nilikunja, nikapiga pasi, nikabana, nikashona. Chakula cha mchana sikula. Kufikia saa kumi nilikuwa na sketi kumi na nne, na mbili kati ya hizo marinda yalikuwa yameenda upande.

Nikasikia kiti kikiburutwa nyuma yangu, na kile kidole kikigonga kioo cha simu. Sikugeuka.

"Wewe ndiye yule wa thelathini na moja?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi." Hata hapo sikumtaja anti.