Kwaya ya Jikoni

Katikati ya miaka ya sitini nilikuwa mwimbishaji wa kwaya ya kanisa letu huko Ndhiwa, na nilijua kabisa kwamba nina sauti nzuri. Tulipokwenda makambi, ile mikutano ya kanisa ya kulala kwenye mahema, karibu na Kendu Bay, nilibeba gauni jipya la buluu kwa ajili ya wimbo wetu wa Alhamisi.

Asubuhi hiyo wapishi wawili walishikwa na homa. Mchungaji akaja kwetu, akaomba mtu mmoja wa kusaidia jikoni. Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, nami nilikuwa na gauni. Lakini juzi tu nilikuwa nimewafundisha wasichana wa darasa langu la Biblia kwamba mkubwa ni yule anayewatumikia wenzake, na walikuwa wameketi palepale wakiningojea.

“Nitaenda mimi,” nikasema kwa sauti ndogo.

Nikajifunga leso juu ya gauni, nikapewa mwiko mrefu wa kukorogea uji. Kwaya ilipoanza, msichana aliyeshika nafasi yangu aliupandisha wimbo juu mno. Nikakunja uso. Mama mpishi aliniona, akacheka.

“Imba hapahapa, nyathina,” akasema, yaani mwanangu. “Hata sisi tuna masikio.”

Nikaimba. Wanawake wakaitikia huku wakimenya viazi, na wale wapishi wagonjwa, waliolala katika hema la jirani, wakaomba wimbo wa pili. Uji ukaungua kidogo, lakini hakuna aliyelalamika. Kesho yake wapishi walipona. Nikarudi jikoni bila kuombwa.