Nyota za Ukindu Zilizonuka Samaki

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali iliyopigwa pasi na kuchomeka kalamu mfukoni, kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na barua ilisema nimeajiriwa kuwa karani. Nilipofika Kurasini nikakuta banda, marundo ya majani, na bibi mmoja ameketi chini anachambua.

"Shikamoo, bibi. Ofisi iko wapi?"

"Marahaba. Umeikanyaga. Sogeza mguu, mwanangu."

Huyo alikuwa Bi Mwasiti wa Buguruni, fundi wetu. Banda lilikuwa la mama mmoja wa Kiingereza tuliyemwita Memsahibu, aliyewauzia Wazungu wenzake mapambo ya Krismasi: matawi ya mvinje, mashada ya mlangoni, na nyota za ukindu. Mimi niliandika majina ya wateja. Majirani zangu Temeke wakaniita karani wa majani.

Ukindu, kwa vijana msioujua, ni majani machanga ya mkindu, yanayokatwa kabla hayajachanua. Bi Mwasiti aliyafuata mabondeni huko Kimbiji, akikata chipukizi moja tu kwa kila shina ili mti usife. Aliyachana yakawa chane, yaani nyuzi pana za kusukia, akazitokosa kidogo, kisha akazianika siku kadhaa ili jua lizikaushe na umande uzifanye nyeupe. Shida ni kwamba kazi hiyo yote iliangukia wakati wa mvua za vuli. Mie, mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa, nilikwenda naye mara moja, nikaumwa na siafu, nikatangaza kwamba kazi ya karani ni ya kivulini.

Mwaka wangu wa pili Bi Mwasiti aliitwa kumuuguza dada yake. Akaniachia mafungu ya chane mbichi.

"Ukiona wingu, ingiza. Usiweke karibu na moto."

"Bibi, mie nimesoma."

"Ndiyo maana nakwambia mara mbili."

Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Niliogopa ukungu, nikabeba mafungu yote nyumbani, nikayatundika juu ya meko ambapo mke wangu Anjela alikuwa anakausha vibua, wale samaki wadogo, kwa moshi.

"Haya nayo tunakula?" akauliza.

Yalikauka vizuri, yakawa na rangi ya manjano kidogo ambayo niliiona ya kupendeza. Bi Mwasiti aliporudi akaligeuzageuza fungu moja.

"Umelikausha kwa jua gani?"

"La Temeke, bibi."

Pua yake ilikuwa imekufa kwa ugoro, na yangu ilizoea vibua. Siku zilikuwa zimebaki chache, akasuka nyota, tukazipeleka.

Siku ya tatu Memsahibu aliingia bandani na nyota iliyoraruliwa mkononi. Paka wa nyumba tatu za Oysterbay walikuwa wamepanda milango ya wenyewe na kuziangusha.

"Nani alikausha huu ukindu?"

Kabla sijameza mate, Bi Mwasiti akajibu, "Ukindu ni kazi yangu, Memsahibu."

"Basi Jumamosi itakuwa mwisho wako hapa."

Bi Mwasiti akaendelea kusuka. Alikuwa akilea wajukuu wanne peke yake kwa kazi ile. Nami niliinamia orodha ya wateja hadi saa ya kutoka; hata leo naona haya kuliandika jambo hili.

Nyumbani nilimweleza Anjela. Akasema, "Kesho utamwambia huyo mama, au nitakwenda mwenyewe na vibua nimebeba."

Asubuhi nikasimama mbele ya Memsahibu. "Zile nyota nilizikausha mie, juu ya samaki."

"Wewe uliyesoma?"

"Ndiyo, mie niliyesoma."

Akamgeukia Bi Mwasiti. "Kwa nini hukusema?"

"Ana mtoto mchanga. Tena nilimwachia kazi ambayo sikumfundisha."

Memsahibu akatoa hukumu: Bi Mwasiti abaki, nami ukarani basi, nikae chini nifundishwe.

Nikakaa chini. Miaka ikapita, banda likahamia Kinondoni chini ya meneja mpya, tuliyemwita Bwana Meneja, ambaye alitaka kunifanya msimamizi kwa kuwa naandika Kiingereza. Nikamwambia msimamizi yupo, ila saini yake ni dole gumba. Alikuna kichwa, akaandika jina la Bi Mwasiti kwenye karatasi ya uteuzi. Bi Mwasiti akaniamuru nimsomee ile karatasi mara tatu, akidai nasoma harakaharaka.

Macho yake yalipofifia nilikuwa nampelekea mafungu nyumbani Buguruni, ayapime kwa vidole. Lisilomridhisha alinirudishia, nami nikaanza upya. Hakuna fungu lililokwenda kwa mteja kabla ya kupita mikononi mwake. Mwaka aliofariki niliomba kustaafu. Bwana Meneja alidhani ni umri.