Mlinzi na Lango Lake

Wiki nzima kazi yake ni kuwafungulia watu geti la kiwanda, kwa hiyo siku ya mapumziko mlinzi hafungui hata dirisha. Hujifungia sebuleni, mtu mzima, akavaa hedifoni na kulinda ngome ya mawe ndani ya runinga, akicheza gemu mtandaoni na rafiki yake mwenye bucha, aliye nyumbani kwake mwenyewe.

Siku hiyo jasho lilimtiririka. Ngazi za adui zilishaegemea ukuta, mishale inanyesha, na nje ya lango mpanda farasi aliyevaa rangi za ngome anaomba kuingia.

"Huyu si wetu? Nimfungulie?" mwenye bucha alimuuliza masikioni.

"Thubutu!" mlinzi alinguruma. "Namjua huyo! Kila akija ni balaa! Mwache huko huko nje mishale immalize!"

Ngome ikapona. Alivua hedifoni huku akicheka, ndipo akamwona mkewe kwenye mlango wa nje, mkono kwenye kitasa, uso umemshuka.

Nje, mama mkwe, aliyekuwa akibisha hodi muda wote huo, alikohoa.

"Usijisumbue kufungua, baba," alisema kwa upole. "Mishale imeshanifika."