Jiko Jipya la Mpishi Karanja

Siku yangu ya kwanza ya uashi nilipewa sururu, si mwiko. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipigana na Wakikuyu wa msituni, katika shamba la mzungu mmoja karibu na Molo. Fundi Mkuu, Mhindi wa Nakuru aliyenifundisha kazi, alisema anayetaka kujua kujenga aanze kwa kubomoa. Tulitumwa kuangusha jiko la zamani nyuma ya nyumba kubwa na kulijenga upya kwa mawe ya kuchonga.

Mpishi wa pale aliitwa Karanja. Alikuwa akipika mle tangu ujana wake, na macho yake yalikuwa mekundu, yakitoka machozi kutwa. Tulipoangusha dohani, ile njia ya mawe inayopandisha moshi, tulikuta imezibwa kabisa na masizi. Karanja aliyagusa kwa kidole.

"Kumbe hii ndiyo imekuwa ikinimaliza macho," akasema.

Fundi Mkuu alimuuliza angependa jiko jipya liweje. Karanja alishangaa, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaomba dirisha upande wa nyumba za wafanyakazi, awe akipika huku anawaona watoto wake. Memsahib, mke wa yule mzungu, akakubali. Basi tukamwaga linta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya dirisha, na Fundi Mkuu akanisimamia nikipima kila kona kwa timazi. Jioni Karanja alikuwa akija kupapasa mawe kama mtu anayemkagua ng'ombe wake.

Tulikuwa tunapiga lipu lori la askari lilipoingia. Wakikuyu wote wa shamba waliamriwa wapande, warudishwe risavu, ile ardhi waliyotengewa na serikali. Memsahib alitoka mbio akamweleza ofisa kuwa Karanja ni mpishi wake wa miaka mingi. Ofisa alijibu kwamba amri haikumsamehe mpishi. Mimi ni Mragoli, si Mkikuyu, sikuguswa. Nilisimama na mwiko mkononi.

Karanja alivua aproni, akaikunja, akanipa.

"Kijana, lipu ya pale kwa stovu bado ni mbichi," akaniambia. "Usikubali wawashe moto mpaka ikauke."

Akapanda na mkewe, Wanjiru, na watoto. Lori lilipoondoka nilimuuliza Fundi Mkuu kama tuendelee. Alikuwa amenipa mgongo. Alisema kazi ikishaanzwa humalizwa. Tukamaliza. Akaletwa mpishi mgeni.

Baada ya Uhuru nilimkuta Wanjiru sokoni Nakuru, akiuza viazi. Nilijitambulisha, akaushika mkono wangu bila kuuachia. Aliniambia mzee alifia risavu, kwenye kipande cha ardhi ya kuazima. Kila mgeni aliyefika, Karanja alimsimulia habari za jiko lake.

"Alikuwa akisema kule Molo wanamngoja arudi kupika," Wanjiru alisema. "Sikuwa na moyo wa kumkatalia."

Sasa nimestaafu, niko Kiamunyi, pembeni mwa Nakuru, na magoti hayapandi ngazi tena. Nimejenga shule, maduka, na nyumba za wakubwa. Mafundi vijana wakija kunijulia hali huniuliza ni kazi gani niliyoifanya vizuri kuliko zote. Nawatajia ile ya Molo. Kuta zilisimama wima, mzungu mwenyewe akasifu, na aliyejengewa hakuwahi kuchemsha hata chai mle ndani.