Shayiri ya Gamleda

Gamleda alikuwa amehama mara nne tangu aolewe, na mara zote nne shayiri yake ilivunwa na Wachati, kabila adui lililowafuata nyuma. Wanaume wa Kihermunduri, watu wake, walikuwa hodari wa kuhama. Walihama shayiri ikiwa mbichi, na mwaka mmoja ilipobakiza siku mbili tu kukomaa.

Basi jioni ile barazani, mikuki ilipogongwa kukubali kwamba Wachati wamesogea mno na sasa twendeni kusini, jirani na ngome za Warumi, Gamleda alilitazama shamba. Siku sita tu, na yote ingekuwa imevunwa.

Sheria yao ni hii: jambo huamuliwa watu wamelewa, kwani mlevi hafichi la moyoni, na kesho yake huthibitishwa wakiwa na akili timamu. Bila hiyo asubuhi ya pili, hakuna anayefunga hata mbuzi.

Alfajiri akawatangulia barazani na mtungi wa pombe na pembe za kunywea.

"Ya kuzimua tu, wazee wangu. Pembe mojamoja."

"Mke wangu ana huruma," Haldavo, mumewe, akajisifu.

Moja ikawa saba. Mzee Frudio, mkuu wa baraza, akasimama kuthibitisha, akauhutubia mti kwa heshima zote.

"Kesho," wakakubaliana.

Wanawake majirani wakaleta mitungi yao, kisha wakashika miundu, wakaingia shambani kuvuna. Siku ya pili ikawa vilevile. Ya tatu baraza liliimba. Ya nne Frudio akamkazia jicho moja.

"Shemeji, unatulewesha makusudi!"

"Mimi? Nani amekushika pua akakumiminia?"

Frudio akatafakari sana. "Hakuna," akasema, akasogeza pembe yake.

Siku ya sita, mganda wa mwisho ulipopakiwa mkokotenini, mtungi ulifika umejaa maji ya mto. Wazee walilia kama waliofiwa.

Asubuhi ya saba, macho mekundu, wakathibitisha: tunahama. Wakajikaza kusubiri makelele ya wake zao. Gamleda alikuwa keshapanda mkokoteni, ng'ombe wamefungwa nira.

"Mnangoja nini? Wachati wawabebe?"

Haldavo akageuka. Shamba lilikuwa jeupe, limebaki visiki vya mabua. Mlangoni palikuwa na mtungi, pombe imefika shingoni.

"We mwanamke, umesahau pombe!"

"Sijasahau. Hiyo ya Wachati. Sheria yao si kama yetu? Wakifika, watataka kikao cha kuamua kama watufuate au wasitufuate."