Karte Tuko Nayo

Nilikuwa nimefuata chaja ya simu kwenye duka la kompyuta, mtoto mgongoni. Mbele yangu mke na mume walikuwa wakichagua kompyuta.

“Kwa bei yenu,” muuzaji akasema, “ni prosesa ya nguvu ao karte grafiki ya nguvu. Vyote mbili, apana.”

Mke akachomoa mkobani kitambulisho chake, ambacho kwetu tunakiita karte, akakiweka mezani. “Karte tuko nayo. Tupe prosesa.”

Muuzaji akafunika mdomo asicheke. “Apana, mama. Prosesa ni akili ya mashine. Karte grafiki inachora picha za michezo.”

“Michezo?” Mke akamgeukia mumewe taratibu. “Papa watoto, si ulisema ni ya kuandika rapoti?”

Mume akaitazama feni ya darini. “Sheri, rapoti nazo ziko na picha.”

“Picha zinakimbia?”

Hata mimi mwenye haya nilicheka, mtoto akaamka.

Mke akarudisha kitambulisho mkobani. “Tupe ya akili. Macho ya kuangalia mupira anayo tayari.”

Nimejifunza kwamba kompyuta ya bei ndogo haina nafasi ya uongo, kwa sababu lazima useme unaitakia nini. Basi semeni nyumbani, kabla muuzaji hajawasaidia.